Mkono Uliokula Ugali Wangu

Mkono wa mtu ukishonwa tumboni, unakula. Jambo hilo niliamini miezi mingi, na si kuamini kwa nusunusu, niliamini kama mtu anavyoamini kwamba mvua hutoka juu. Niliamini kwamba mkono huo hunyonya ugali kabla ugali haujanifikia mimi mwenyewe, na kwamba ukilala njaa hata mara moja tu, hunyauka kama mche wa sukuma wiki uliosahauliwa juani, kisha ukaanguka. Niliamini hata kwamba una vyakula unavyovipenda na usivyovipenda. Wangu ulipenda samaki. Maharagwe ya hospitali uliyachukia, na kila nilipoyala niliuhisi ukinuna.

Usinicheke bado. Ngoja kwanza nikueleze mkono ulifikaje tumboni.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mtu wa mashine ya unga pale Masara. Wachimba dhahabu walitoka mashimoni na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wake zao wakaleta mahindi, nami nikayamwaga juu ya mashine na kupokea unga chini. Injini yetu ilikuwa ya dizeli. Nilipoizungusha asubuhi, ng'ombe wa Wakuria kule mbali waligeuza vichwa kutazama nani anawaita. Mashine ilikuwa na mkanda mrefu wa turubai, ule wa kuunganisha injini na kinu, nao ulizunguka siku nzima ukipiga kofi hewani, pa, pa, pa, mpaka nikilala usiku moyo wangu ulidunda kwa mtindo huohuo.

Jioni nikishajipangusa unga, nilikwenda ngumbaru. Tulisomea kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima na ndevu zetu, tumebanwa kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagusa kidevu. Niliacha shule nikiwa mdogo, baba alipofariki, na sasa nilikuwa nimerudi kuichukua elimu yangu pale nilipoiweka. Mwalimu wetu alikuwa ameniandikisha kufanya mtihani wa darasa la nane mwisho wa mwaka. Hesabu zilinitesa, sikatai. Lakini mwandiko! Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu akichoka alinipa chaki nimwandikie ubaoni, na nasikia kuna watu walipita dirishani wakadhani shule imenunua taipureta. Kwa hiyo hesabu ningezikosa kwa heshima, lakini insha ningewaonyesha. Hilo ndilo lililokuwa likinitoa usingizini kila asubuhi: nitaandika insha, nitapasi, nami nitakuwa mtu aliyemaliza shule.

Halafu nikavaa sweta.

Lilikuwa sweta la mitumba, zuri, la kijani, lakini mikono yake ilikuwa imelegea kama masikio ya mbuzi. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya mvua. Nikainama kufagia unga uliomwagika karibu na injini, na mkanda ukauona mkono wa sweta. Ukauvuta. Nami nilikuwa ndani yake.

Mkanda ulikula sweta, ukaonja na mimi. Mwenye mashine aliwahi kuzima injini, Mungu ambariki, na mfupa haukuvunjika. Lakini ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa kulia, kuanzia karibu na kiganja mpaka nusu ya njia ya kwenda kwenye kiwiko, ilikuwa imechunika kama ganda la kiazi kilichoiva. Mle ndani niliona kano zangu, nyuzi nyeupe zinazovuta vidole. Nikasogeza kidole cha shahada, uzi mmoja ukaenda. Nikasogeza cha kati, mwingine ukaenda. Nikasema, kumbe hivi ndivyo ninavyoandika. Kisha nikaanguka chali juu ya magunia, na wanaonitania mpaka leo wanasema nilikuwa mweupe kuliko unga.

Migori walinisafisha na kunifunga, wakanielekeza hospitali moja ya upande wa Homa Bay ambako kulikuwa na daktari wa kupasua. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye kuyatumia maneno kama mtu anayepiga simu ya kibandani na sarafu zinamwishia. Aliniambia ngozi nyembamba ya kubandika haitashika juu ya kano tupu, ni kama kupanda mbegu juu ya mwamba. Hapo panahitaji ngozi nene yenye damu yake. Kwa hiyo atainua kipande cha ngozi ya tumbo langu la chini, upande wa kushoto, asikikate chote. Upande mmoja utabaki umeshikana na tumbo, ule mwingine ataushonea mkononi juu ya kidonda. Mkono utakaa hapo wiki tatu hivi, mpaka ngozi ile izoee nyumba mpya. Kisha ataikata kutoka tumboni.

Nilikuwa na swali moja tu. Nikamwuliza kama nitaandika.

“Ikishika, utaandika.”

Nikamwuliza, na isiposhika? Akaviangalia vidole vyangu kimoja kimoja, akavikunja, akavikunjua.

“Basi tutaona cha kuokoa.”

Maneno hayo machache yalinitosha. Wakaniletea karatasi ya kukubali kupasuliwa, na mimi, mwenye mwandiko wa kuonyeshwa wageni, nikaweka dole gumba la kushoto kama mtu ambaye hajawahi kuiona herufi.

Nilipoamka, mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya tumbo langu la chini, umefungwa kwa bendeji na plasta kiunoni, vidole vinachungulia upande wa kushoto kama vya mwizi anayetafuta mfuko wa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mvuvi wa Muhuru Bay, mtu mzima, kifua kama mlango wa kanisa. Mashua ilimwangukia pajani walipokuwa wakiivuta nchi kavu, na sasa mguu wake ulikuwa umetundikwa juu kwa kamba na vyuma vizito. Hakuweza kutoka kitandani. Kilichobaki huru ni mikono yake na mdomo wake, na mdomo ndio uliofanya kazi zaidi.

Aliniangalia asubuhi nzima kama anayepima mzigo wa samaki. Kisha akaniita.

“Omera, ndugu yangu, huo si mkono tena. Huyo ni mtoto, na ananyonya. Ukilala njaa, umemuua.”

Nilicheka kwa uoga. Lakini yeye hakucheka. Alinieleza kwamba kule kwao aliwahi kusikia habari za mtu wa upande wa pili wa mpaka, Tanzania, aliyeshonwa mkono tumboni vilevile. Mtu huyo alikuwa wa kanisa la kufunga na kuomba. Akafunga. Siku ya kufungua, alipoinama tu kuchota mboga, mkono ukadondoka ndani ya sufuria. Nilimwuliza kama alimwona kwa macho yake. Akasema hakumwona, lakini anamjua mtu aliyeiona sufuria.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Na ushahidi ulikuja wenyewe, mchana huohuo. Sista wa wodi, mama mmoja mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, alifika, akafunua bendeji, akaibonyeza ngozi ile kwa kidole kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akatazama. Akabonyeza tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema iko vizuri, akaenda zake. Mvuvi akaniinulia nyusi. Akasema, umeona, anaangalia kama ameshiba.

Tangu hapo nikawa nakula kwa ajili ya watu wawili. Shida ikawa namna ya kula. Mkono wa kulia ulikuwa kazini tumboni, na ugali wa mkono wa kushoto, mbele ya mtu mzima, mimi nililelewa vizuri, siwezi. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala hauingii kwenye sahani ya wengine. Nikakaa mbele ya sahani yangu nikiitazama inavyopoa. Mvuvi alipoona hivyo akaniambia nilete sahani. Nikashuka kitandani, nikaenda nimejikunja kama mtu anayeficha kuku, nikasimama kando ya kitanda chake. Akamega tonge, akalibonyeza, akachota mboga, akaniwekea mdomoni. Mtu asiyeweza kutembea alimlisha mtu asiyeweza kushika, na hivyo ndivyo tulivyokula siku zote zile. Alikuwa na tonge kubwa kama ngumi ya bondia. Nilipotaka kusema nimeshiba aliniambia wewe umeshiba, mtoto je?

Wodi nzima wakaniita Mjamzito. Nikiamka asubuhi, mtu wa kitanda cha mlangoni huuliza kwa adabu kabisa kama mama amelalaje, na kama kitoto kimecheza. Nami nilijibu kwamba kimecheza, ila kimenikojolea kidogo. Tulicheka mpaka mvuvi akalalamika kwamba vyuma vya mguu wake vinagongana.

Mke wangu alikuja kutoka Masara na kikapu: nyama iliyokaushwa, unga wa wimbi, mboga ya osuga iliyopikwa kwa maziwa. Mabinti wa mvuvi nao walileta samaki wa ziwani, ngege wa kukaanga na dagaa wale wa omena. Niliwaeleza wote habari za mkono. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kikapu chake.

“Baba watoto, mimi niliolewa na mtu mmoja. Sasa napikia wawili, na huyu wa pili hata hajatoa mahari.”

Wageni wengine walipata taabu ya salamu. Huwezi kuja kumwona mgonjwa kwetu ukaondoka bila kumpa mkono, na mkono wa kushoto ni tusi. Kwa hiyo walizunguka kitanda, wakainama, wakaushika mkono wangu wa kulia hukohuko ulikojificha kiunoni, wakautikisa vidole taratibu na kuuliza habari. Wanangumbaru wenzangu walikuja kundi zima, wakapanga foleni kunisalimia kiuno. Mchungaji aliuombea akiwa amepiga magoti. Mtu pekee aliyeshindwa ni mama mkwe. Mkwe kwetu ni mtu wa heshima ya mbali, hata kiti cha karibu hatukai, seuze kushika mkono uliolala mahali kama pale. Alisimama nje ya mlango wa wodi, ameupa mgongo upande wangu, akanisalimia kwa kuusemesha ukuta, na ukuta ukamshukuru kwa kuku aliyemleta. Mvuvi alisema ule ulikuwa ukwe safi kuliko wote aliowahi kuuona.

Siku zikaenda kwa furaha, mpaka jioni moja nikakataa maharagwe. Nilikuwa nimeyala mchana, nikaona mtoto atanielewa. Asubuhi yake Sista alipofunua bendeji, hakutikisa kichwa. Ukingo wa ile ngozi ulikuwa umegeuka rangi, zambarau kama tunda la zambarau lenyewe. Akabonyeza, rangi ikakawia. Akabonyeza tena. Kisha viatu vile visivyotoa sauti vikatoka mbio, na kwa mara ya kwanza nikavisikia.

Nilimtazama mvuvi. Mvuvi alitazama dari. Hakuna aliyeniita Mjamzito asubuhi hiyo. Nilivisogeza vidole vyangu pale kiunoni, vikasogea, na nikafikiria dawati langu kule Masara, na chaki, na mtihani ambao jina langu lilikuwa limeshaandikwa. Nikajiambia, mtu amepoteza mkono wake wa kuandikia kwa sababu ya kudharau maharagwe.

Daktari alikuja bado anajifunga koti. Aliangalia, akaniuliza nimelalaje. Nikamwambia nimelala njaa. Alinitazama kama mtu aliyepokea simu isiyo yake, akauliza tena: nimelala upande gani? Kumbe usiku nilikuwa nimeporomoka kwenye mto, kiwiko kikashuka, na kile kidaraja cha ngozi kati ya tumbo na mkono kikajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Akaniinua, akaweka mito chini ya kiwiko, akaongeza plasta. Akakaa pale pale kwenye kiti, anatazama. Taratibu, kama mapambazuko kule ziwani, wekundu ukarudi. Sista akabonyeza, akatikisa kichwa. Wodi nzima ikashusha pumzi.

Mtu mwenye akili angesikia habari ya mito. Mimi nilisikia habari ya maharagwe. Mchana huo niliyala yote, nikaomba na ya jirani.

Wiki ya mwisho wakaja na kitu kilichotuthibitishia mambo yote. Daktari alichukua mpira laini, akakifunga kile kidaraja cha ngozi kwa muda mfupi, akatazama, akakifungua. Kesho yake akakifunga kwa muda mrefu kidogo. Keshokutwa zaidi. Alisema anaufundisha mkono kujitegemea. Alipoondoka mvuvi alikuwa ameketi wima, kadiri mguu ulivyomruhusu.

“Anamwachisha ziwa,” alisema. “Sasa ndiyo ule sawasawa.”

Jambo lilikuwa wazi kama mchana. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, alale huko mpaka asahau. Tulijadili sana bibi wa mkono ni nani, na tukakubaliana ni bega. Kila nilipoona mpira unakuja nilikuwa nimeshakula matonge ya kutosha kupanda mlima Gwasi na kurudi, ili mtoto awe na akiba.

Siku ya kukata ilifika. Nilipozinduka, tumbo langu lilikuwa peke yake, limeshonwa, kitovu kimevutwa kando kidogo kama kinamsikiliza mtu kwa siri, mpaka leo kiko hivyo. Na mkono wangu ulikuwa juu ya kifua, mzito, mgumu, bega limekaza kama bawaba yenye kutu. Lakini juu ya kidonda, mahali ambapo niliona nyuzi zangu, palikuwa na ngozi. Ngozi nene, ya kahawia, yenye uhai, iliyowahi kukaa chini ya mkanda wa suruali yangu. Sista akaibonyeza. Rangi ikarudi yenyewe, bila tumbo. Mvuvi akapiga kofi ubao wa kitanda, na mabinti zake wakaleta samaki wa wodi nzima. Wakaupa mkono jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, maana mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati. Nilijaribu kusogeza kidole cha shahada. Kikaenda kidogo. Cha kati nacho. Nililia, na nikala huku nikilia, maana mvuvi alikuwa tayari na tonge.

Nilirudi Masara. Wakati huo mtihani ulikuwa bado miezi kadhaa. Mke wangu alinifungia kalamu vidoleni kwa kitambaa, nikaanza upya kama mtoto wa chekechea. Herufi ya kwanza niliyoiandika ilionekana kama kibanda kilichoezuliwa na upepo. Niliandika juu ya magunia ya unga, juu ya vumbi, juu ya ukuta wa jiko kwa mkaa, mpaka mke wangu akaniuliza kama nyumba nayo itafanya mtihani. Na nilikula. Mvuvi aliniaga akisema mtoto aliyeachishwa ziwa ndiye anayekula zaidi, kwa hiyo niliulisha mkono kwa njia zote mbili: kwa mdomo, na kwa kuupaka mchuzi wa samaki kidogo kila baada ya kula, ili usijisikie umetengwa. Paka wa jirani alinipenda sana miezi ile.

Na mkono ukanenepa! Hapo ndipo imani yangu ilipokamilika. Ile ngozi ilivimba polepole, ikawa mto, ikawa mkate, vinywele vya tumboni vikaota juu yake. Vidole vikalainika, mwandiko ukarudi, kwanza ukichechemea, kisha ukitembea, kisha ukipiga mbio. Nilipouweka mkono juu ya dawati, kile kinundu kilikaa chini kama mto wa kiti, nikaandika kwa raha kuliko zamani. Nikawaambia wanangumbaru wenzangu, huu sasa ni mkono ulioshiba.

Siku ya insha nilivaa shati la mikono mirefu, maana mtihani ni mtihani. Niliketi katikati ya watoto wa darasa la nane walionisogezea viti kwa heshima, wengine wakidhani mimi ndiye msimamizi. Msimamizi mwenyewe alikuwa mwalimu wa kutoka shule nyingine, mrefu, mwenye shingo ya korongo, na alipita kati ya madawati akinusa mwakenya. Kwa msomaji ambaye hakupitia shule zetu: mwakenya ni kile kijikaratasi cha majibu ambacho mtu huficha kwenye soksi, kwenye nywele, au kwenye mkono wa shati. Aliponifikia, akasimama. Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu wa kulia, mahali ambapo shati lilikuwa limetuna kama limeficha daftari zima.

Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Aliuondoa mtihani mbele yangu, akauweka chini ya kwapa lake. Nikaona mwaka mzima unaondoka chini ya kwapa la mtu.

“Hapo ndani kuna nini?”

“Tumbo, mwalimu.”

“Nini?”

“Tumbo langu. Wamelihamishia hapo.”

Kalamu zikasimama darasa zima. Akanitaka nikunje shati. Nikafungua kifungo, nikakunja, na kinundu kile kikatoka kujionyesha, kina nywele zake, kina kovu lake la kuzunguka kama mpaka wa shamba. Msimamizi aliinama. Alinyoosha kidole, akabonyeza, naapa, kama Sista kabisa, akatazama rangi ikirudi. Akabonyeza tena. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, umeshiba, nimeulisha asubuhi. Mtoto mmoja nyuma akakohoa kicheko, kisha wote, na yule mwalimu shingo yake ndefu ikaanza kutikisika, akageukia dirisha mpaka alipoweza kugeuka tena. Akanirudishia karatasi. Aliniamuru niketi dawati la mbele, shati limekunjwa hadi kwenye kiwiko, ili kila mtu aone. Basi nikaandika insha nikiwa nimeliweka tumbo langu mezani. Insha ilihusu ufugaji wa nyuki, na mimi sijawahi kufuga hata nzi, lakini nyuki wale niliwaandika kwa mwandiko ambao wangeuona wenyewe wangehamia humo.

Nilipasi. Si kwa kupasua mawingu, hesabu zilinivuta mguu kama nilivyotarajia, lakini nilipasi, na insha ndiyo iliyonibeba mgongoni. Mke wangu alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kijiji cha Osiri, na safari hii sitii chumvi.

Baadaye nikaenda Homa Bay kwa daktari. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia. La kwanza lilikuwa asante, na nilimbebea jogoo. Sista akaniletea daftari la wagonjwa, akaninyooshea kidau cha wino wa dole gumba kwa mazoea. Nikamwomba kalamu. Nikaandika jina langu lote, na la baba, na la babu, mpaka akaniambia mstari umekwisha.

Jambo la pili lilinisumbua. Kinundu kilikuwa kinazidi kukua. Vifungo vya shati havikufika tena, na niliogopa siku moja kitakuwa kikubwa hadi kalamu isifike kwenye karatasi, na kazi yote ile ipotee kwa ulafi. Nikamweleza daktari yote: maharagwe, mvuvi, sufuria ya Tanzania, ziwa, mchuzi wa samaki. Nikamwomba anieleze namna ya kuufungisha mkono, lakini kwa upole, usije ukadondoka. Alisikiliza bila kunikatiza. Sista alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka. Daktari akainua mkono wangu, akakibonyeza kile kinundu, akatazama rangi ikirudi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Mkono wako haujawahi kula,” alisema. “Tumbo lilikuwa linailetea ile ngozi damu, basi, mpaka ikapata mishipa ya mkononi. Lakini ni ngozi ya tumbo, na ilikuja na mafuta ya tumbo. Ukinenepa tumboni, na hapa pananenepa. Punguza ugali.”